Yanayozama na yanayoelea: zamu ya usiku kwenye mtambo wa makonyo

Tangi likishajazwa makonyo na kifuniko kikakazwa, halijui kama jua limekuchwa. Makonyo ni vijiti vigumu, mafuta yake yamejificha ndani na hutoka polepole, kwa hiyo mkupuo mmoja unaweza kuanza mchana ukaishia alfajiri. Ndiyo maana mtambo wa namna hii lazima uwe na fundi wa usiku.

Kwa wasio wa Pemba: makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Zamani hata kwa kuwashia moto vilitumika. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kipo kiwanda kinachoyatoa mafuta kwa mvuke. Kilo 100 za makonyo makavu, zikipikwa vizuri, hutoa kama kilo 5 au 6 za mafuta. Sema "zikipikwa vizuri" mara mbili, maana kilo 1 kati ya hizo inaweza kwenda mtaroni usiku mmoja na asiyesinzia akawepo palepale.

Ukipokea zamu, nenda kwenye boila, pipa la chuma linalochemsha maji kwa kuni na kupeleka mvuke kwenye tangi, kabla hujatundika shati. Kioo cha maji kinachoonyesha nusu si ushahidi kwamba maji yapo nusu, kwa sababu njia yake ikiziba kwa tope, maji yaliyomo kiooni hukaa palepale huku boila inakauka. Kijaribu hivi: fungua koki ya kutolea maji chini ya kioo. Funga koki ya chini inayoleta maji. Mvuke mtupu utoke kwa nguvu. Ifungue, kisha funga ya juu inayoleta mvuke. Sasa yatoke maji. Ifungue nayo, halafu funga ile ya kutolea. Maji yanatakiwa yaruke juu mara moja. Yakipanda kwa kujivuta, njia ya chini imeanza kuziba, na hilo halingoji asubuhi.

Na kama maji hayaonekani kabisa? Usiwashe pampu. Bomba na bamba zilizokwisha kupata moto mkali zikipigwa na maji baridi hupasuka, na kinachofuata hakisimuliki. Zima feni, banisha hewa, funika makaa kwa jivu bichi au mchanga, iache boila ipoe yenyewe, na muamshe mkuu wa mitambo hata kama atanuna.

Maji ya visiwa hivi mengi hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Anayefua nguo anajua, sabuni haitoi povu. Chokaa hiyo ikigandia kwenye bomba za boila huwa kama blanketi: kuni zinaongezeka, mvuke hauongezeki, na chuma kinaungua. Kwa hiyo pima maji yanayotoka kwenye mtambo wa kulainisha, yaani unaoondoa chokaa, kila zamu, si kila wiki. Dawa ya matone ya kupimia ikigeuka buluu, sawa. Ikibaki nyekundu, chumvi ya kusafishia imekwisha au mtu wa mchana ameruka zamu yake. Tope la chini ya boila litoe moto ukiwa mdogo, kwa mikupuo mifupi ya sekunde chache, macho yako kwenye kioo muda wote. Mwenye kufungua vali hiyo akaenda kupokea simu asipewe boila.

Sasa tuje pale hasara inapotokea kimyakimya: sepereta, chombo ambamo mafuta hujitenga na maji.

Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, lakini kwa kiasi kidogo sana. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya mafuta haya ina kama kilo 1.05. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyazamisha. Na mafuta yakipata joto hutanuka zaidi kuliko maji, kwa hiyo kadiri yanavyoingia ya moto ndivyo tofauti inavyopungua. Kondensa, inayopoza mvuke ukawa maji na mafuta kabla ya sepereta, ikishindwa kazi, matone hayazami. Yanaelea katikati kama maziwa, yanatoka na maji kwenye bomba la juu. Ukiona maji yanayotoka sepereta ni meupe, usiguse sepereta kwanza. Shika bomba la kutokea kwenye kondensa. Mkono ukishindwa kutulia juu yake, ama pampu ya maji baridi imevuta hewa, ama chujio limejaa takataka, ama umefungua mvuke mwingi kupita uwezo wa kondensa. Punguza mvuke, kisha ndiyo utafute sababu.

Hata maji yaliyo safi kwa macho yana mafuta: karibu gramu 2 na nusu za eujenoli, kiini kikuu cha mafuta haya, huyeyuka ndani ya kila lita. Maji hayo kuyamwaga ni kumwaga pesa; yarudishwe kwenye tangi yapikwe tena.

Kosa kubwa zaidi huja siku tangi linapobadilishwa mzigo. Mitambo ya makonyo hupika pia mkaratusi na mchaichai, na mafuta ya hizo mbili ni mepesi, yanaelea. Makonyo mafuta yako chini, maji yanatoka juu. Mchaichai mafuta yako juu, maji yanatoka chini. Fundi aliyezoea makonyo wiki tatu, akaingia usiku akakuta mchaichai bila kuambiwa, atafungua koki ya chini kama kawaida, ataona maji, atadhani mafuta bado, na huku juu mafuta yanajimwagia mtaroni. Harufu haimsaidii: kiwanda kizima kinanukia kila kitu.

Umeme wa Pemba tangu 2010 huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika, pampu zote husimama pamoja, ila kuni haziulizi umeme. Boila inaendelea kuchemka, kondensa haipozi, na mvuke wenye mafuta unaanza kutoka mdomoni mwa bomba na kuchoma macho. Fuata mpangilio: kwanza banisha kilango cha hewa, ukiacha upenyo moshi utoke, pili funga mvuke unaokwenda kwenye tangi, tatu tazama kioo. Presha ikipanda vali ya usalama ikafunguka, iache, hiyo ndiyo kazi yake. Jenereta likiwaka, lisha pampu ya boila kwanza, ya maji baridi pili. Mvuke ufunguliwe mwisho, robo mzunguko kwa robo mzunguko, baada ya kutoa maji yaliyolala bombani. Ukiufungua kwa pupa utasikia bomba linapigwa nyundo kutoka ndani, na gasketi, ule ukanda unaoziba ukingo wa kifuniko, itakuwa ya kwanza kusalimu amri.

Gasketi zenyewe zisiwe za mpira wa kawaida. Mafuta haya huuvimbisha ukawa kama ugali. Vikombe vya plastiki ngumu inayong'aa huyeyuka ukingo. Na ndoo ya chuma chenye kutu huyafanya mafuta yawe meusi, mnunuzi akashusha bei. Chuma cha pua au chupa, basi.

Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja ndipo mwili unapokusaliti. Kahawa chungu na kashata vinasaidia, lakini mimi naamini zaidi kazi ya mikono: pima mafuta kila saa kwenye chupa yenye alama, andika. Saa ambayo kiasi kimeshuka ghafla, jambo limetokea. Kikishuka taratibu, makonyo yanaelekea kwisha. Ramadhani ina balaa lake, kwa sababu daku inaangukia saa hizohizo. Mnaokula wawili msile pamoja.

Kabla ya kumkabidhi wa asubuhi, chukua chaki uandike upya ubavuni mwa tangi, maana mvuke hufuta: jina la mzigo, saa ya kuanza, na neno moja kwa herufi kubwa, CHINI au JUU.