Divai mbili za Dodoma, jioni moja Shangani
Jana, baada ya zamu yangu ya kuhudumia wageni hapa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, mimi na wenzangu watatu tulionja divai mbili za Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nyeupe, ya zabibu za Chenin Blanc, ilinukia ganda la limau na pera lililoanza kuiva, na uchachu wake ulikata vizuri uzito wa tui la pweza wa nazi; kwangu ndiyo iliyoshinda.

Nyekundu, ya zabibu ziitwazo Makutupora, ilizua mjadala mrefu. Mwenzetu mzaliwa wa Dodoma aliitetea kwa moyo wote, ilhali mimi niliona ukakasi wake, utokao kwenye maganda na kokwa za zabibu, unashika fizi kama ndizi mbichi. Tuliitia kwenye friji dakika chache, kwa kuwa joto la Unguja huifanya pombe itangulie puani, kisha tukaiacha kwenye glasi ipate hewa. Baada ya nusu saa ilinukia zambarau na, kwa mbali, karafuu, harufu ambayo sisi wa visiwani hatuikosei. Nitaionja tena kwa nyama ya kuchoma, maana pamoja na samaki iliacha ladha ya chuma mdomoni.