Kisangani si nguzo za Wagenia peke yake

Mgeni akifika Kisangani, mji wetu wa Kongo, kabla hata hajapumzika vizuri, anapelekwa kwenye maporomoko ya Wagenia, kabila la wavuvi wa mto Kongo. Simlaumu anayempeleka. Zile nguzo zilizokitwa kati ya mawe na kufungwa kwa kamba za msituni, na vile vikapu virefu vyenye midomo mipana vilivyotegwa kwenye maji yanayonguruma, hata mimi niliyezaliwa hapa bado vinanisimamisha. Kwa baba mimi ni Mgenia. Babu alikuwa na mahali pake kwenye mawe yale, alipaachiwa na baba yake, na hakuna mtu wa ukoo mwingine ambaye angethubutu kutega kikapu pale.

Lakini leo naandika kuhusu upande wa mama, ambao sijawahi kuona mtu akiupiga picha.

Mama ni wa kabila la Wakumu, wa barabara ya Ubundu. Unavuka mto hadi Lubunga, mtaa wa ng'ambo, unafuata njia ya reli, ile ya kilomita 125 iliyojengwa kuyakwepa maporomoko ya Boyoma, kisha unaingia msituni kwa miguu. Koko (ndivyo tunavyomwita bibi, na babu vilevile) hakuwahi kuvua mto mkubwa hata siku moja. Alivua vijito. Maji yake yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yanayooza chini, na kwingine ni membamba kiasi kwamba mtoto anaruka ng'ambo bila kulowa.

Kazi hiyo ni ya wanawake. Hufanyika mvua zinapopungua, Januari na Februari, maji yakiwa yamerudi kwenye mkondo wake na samaki walioingia kwenye msitu uliofurika wamebanwa tena njia moja. Wanawake wanaziba kijito juu na chini kwa magogo, udongo na yale majani mapana ya kufungia liboke, chakula kinachopikwa ndani ya majani, halafu wanapanga mstari na kuchota maji kwa mabeseni, wakiyamwaga nje ya boma hilo. Kwa muda wa saa mbili au tatu mgongo unawaka moto, huku wanaimba. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, matope yanaanza kutikisika yenyewe.

Mtu akiona hivyo tu anadhani ni nguvu ya mikono. Kazi yenyewe Koko alikuwa ameshaimaliza jana yake. Alikuwa akienda peke yake, anakaa ukingoni bila kusema, anatazama maji. Ngolo, yaani kambare, na mongusu, samaki mrefu mwenye kichwa kama cha nyoka, wanapumua hewa, kwa hiyo hawawezi kujificha siku nzima, lazima wapande juu. Ngolo anapanda kwa haraka, anageuka, anaacha mapovu. Mongusu anagusa uso wa maji taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, kinabaki kiduara kimoja kinachopanuka. Koko alihesabu viduara hivyo, akatazama mizizi inayoning'inia juu ya shimo, akarudi nyumbani na kusema, "Kesho tutaziba pale kwenye mti ulioanguka." Sikumbuki siku tuliyorudi mikono mitupu kutoka mahali alipopachagua yeye.

Nilipokuwa na miaka tisa niliingiza mkono kwenye shimo la ukingoni bila kuuliza. Nilipigwa hadi begani. Sikulia mara moja, kwa sababu sikuelewa kama nilikuwa nimeumwa au nimeanguka. Koko alinikalisha chini, akanisugua mkono, kisha akanirudisha palepale nikaone. Alichukua kijiti kikavu akakiingiza polepole. "Ngolo ukimgusa anasukuma, anataka kutoka. Huyu hatoki. Ni mzito, amekaa kwake." Alimtoa kwa kikapu, panga akaliweka mbali, maana chuma kinakuletea pigo lote mkononi. Alikuwa nina, yule kambare wa umeme: mwili laini usio na magamba, kijivu chenye madoa meusi, macho madogo mno, midomo minene, na mgongoni hana pezi isipokuwa kipande kidogo cha nyama karibu na mkia. Waliompima wanasema umeme wake unaweza kupita volti 300. Koko hakuwa na kipimo. Alimwacha kwenye majani makavu muda mrefu na akatukataza kumgusa hata alipoacha kucheza, kwa sababu nina aliyekufa sasa hivi bado anaweza kukupiga.

Miaka kadhaa baadaye alikuja kijana wa Chuo Kikuu cha Kisangani na chupa zake za dawa za kuhifadhia samaki. Koko alimtajia majina, yeye akaandika kurasa nne. Walipofika kwa wale samaki wenye mdomo mrefu kama mkonga, kijana alimweleza kwamba wanatoa umeme mdogo ambao mkono wa mtu hausikii, na kwamba kwa huo wanatambua kilicho mbele yao gizani na kwenye maji machafu. Koko alinyamaza, kisha akapiga paja. "Ndiyo maana, mwanangu! Nilijua wanajua. Kikapu wanakikwepa kabla hawajakigusa." Halafu naye akamwambia kwamba mwezi ukiwa mkubwa asijisumbue kuwatega, hawatoki. Kijana akaandika na hilo. Ninampenda sana yule kijana kwa jinsi alivyoandika.

Kuna jambo linaloniuma. Wazee walikuwa na sumu yao, mmea unaoitwa utupa. Majani yanapondwa, yanasuguliwa ndani ya maji, samaki anashindwa kupumua, anaelea juu mdomo wazi. Anayemla hadhuriki, na jua linaimaliza sumu hiyo kwa siku chache. Hata hivyo haikutumiwa ovyo. Ilitumiwa kwenye vidimbwi vilivyokatika na kijito, kamwe si juu ya mahali watu wanapoteka maji ya kunywa, na wakubwa walipaswa kukubaliana kwanza. Miaka michache iliyopita mtu alimwaga dawa ya wadudu ya shambani kwenye kijito chetu. Usiku mmoja tu. Walikufa wakubwa na wadogo, walikufa kaa na kamba, na wakati wa kiangazi kilichofuata Koko alikaa ukingoni asubuhi nzima bila kuona kiduara hata kimoja. Sijui kama aliyemwaga alijua ameua nini. Nilimwona bibi yangu akisimama, akijipangusa majani kwenye kitenge, na kurudi nyumbani bila neno.

Samaki wameanza kurudi, kutoka kijito cha jirani, maana usiku wa mvua kubwa ngolo anatambaa nchi kavu. Januari hii tuliziba tena, sehemu fupi. Koko hawezi tena kuinama, alikaa juu ya gogo. Binti yangu, mwenye miaka kumi, aliona mongusu mmoja amesimama kwenye kona yenye maji kidogo, na mbele yake wingu la watoto wadogo. Alinyoosha kikapu.

"Mama, acha huyo," Koko alimwambia. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama. "Ni baba yao, anawalinda. Ukimchukua, ngolo watawala wote kabla ya jioni."

"Lakini Koko, ni mkubwa kuliko wote."

"Ndiyo. Sasa njoo hapa, shika gogo hili, tuvunje boma."

Boma huvunjwa siku ileile, kuanzia la juu. Maji yalishuka kwanza kama uzi, yakizunguka miguu yetu na kubeba majani, na binti yangu alibaki amechuchumaa kwenye ile kona hadi yalipomfika magotini.