Pampu ya bwawa langu ilipovuma bila kuzunguka

Nyuma ya nyumba yetu Kihonda, Morogoro, nina bwawa dogo la samaki. Urefu mita 4, upana mita 3, kina mita 1; likijaa ni lita 12,000. Ndani nafuga sato, na kando yake pana pampu ya nusu hospawa inayofyonza maji na kuyarudisha.

Mwanzoni nilidhani pampu kazi yake ni kuyachezesha maji yasinuke. Nilikuja kujua kazi yake halisi usiku mmoja wa joto, umeme ulipokatika baada ya Isha. Saa kumi na moja alfajiri nilitoka na tochi. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wakihema kama watu waliofungiwa chumbani. Nikamwamsha mwanangu, tukachota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka jua likatoka. Kumi na mmoja walikufa. Niliwazika chini ya mgomba, na iliniuma sana.

Kumbe pampu ndiyo iliyokuwa ikiwapa samaki hewa. Ule ukijani wa maji ndio mwani, mimea midogo sana ya majini. Mchana, kwa mwanga wa jua, hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta pamoja na samaki. Kwa hiyo hewa inakuwa haba kabisa kabla tu ya kupambazuka. Halafu maji ya moto hayashiki hewa vizuri: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hazifiki 8. Na Kihonda joto tunalijua.

Umeme ulirudi saa mbili asubuhi. Nikachomeka pampu, ikavuma tu, mmmm, haizunguki. Fundi wa kwanza aliitazama kidogo akasema mota imeungua, isukwe upya. Bei aliyotaja ilikaribia ya pampu mpya. Sikuridhika, nikamwita kijana mmoja anayetengeneza feni na majokofu.

Huyu alianza kwa kuniambia, "Mama, toa plagi kwanza." Akafungua kifuniko cha nyuma, akaisukuma feni ya mota kwa ncha ya bisibisi. Ikazunguka laini, bila kukwaruza. "Mota nzima hii. Kilichokufa ni kapasita." Akanionyesha kidude cheupe chenye umbo la kopo, kimevimba upande mmoja. Hicho ndicho kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Kikifa, mota inavuma tu bila kuzunguka, na ukiiachia ivume hivyo ndipo waya za ndani zinaungua kweli. Cha zamani kilikuwa kimeandikwa mikrofaradi 10, akaweka kingine cha 10 hizo hizo. Ilichukua robo saa, na gharama yake haikufika hata nauli ya kwenda Dar.

Tatizo la pili lilikuwa la siku nyingi. Maji yalikuwa yanatoka kidogo, na asubuhi lazima niijazie pampu maji ndipo ivute. Tulipotoa bomba la kufyonza tukakuta jani la mwembe limekwama kwenye valvu ya chini. Valvu haifungi, maji yanarudi bwawani, pampu inazunguka kavu. Pampu ikizunguka kavu, sili yake, ile inayozuia maji yasivuje, haimalizi siku nyingi.

Nikataka kufunga chandarua cha zamani mdomoni mwa bomba. Jirani yangu, naye mfugaji, akanidaka mkono: "Shoga, hicho kina dawa! Utawamaliza waliobaki." Ni kweli, dawa za vyandarua ni sumu kali kwa samaki. Badala yake nilitoboa ndoo ya plastiki kwa msumari wa moto, matundu madogo pande zote, nikaliingiza bomba humo na kuizungushia ndoo kokoto. Inakaa juu ya matofali mawili isivute tope la chini. Kila Jumamosi naitoa, naipiga brashi.

Maji yanayorudi sasa yanadondoka kutoka kwenye bomba lenye matundu, nusu mita juu ya bwawa, maana hewa huingia pale yanapopasuka. Kwa usiku ambao umeme unakatika nimenunua pampu ndogo ya hewa ya volti 12. Ile kubwa inakula wati 370 na zaidi, betri yangu isingeiweza.

Jana niliuzamisha mkono mpaka kiwiko, sikuona vidole. Hapo mwani umezidi. Nimepunguza robo ya maji, yote nikayapeleka kwenye mchicha, na chakula cha jioni sikuwapa. Maji ya bomba ya kujazia yako kwenye simtanki wazi tangu jana, klorini itoke. Kesho asubuhi nayaingiza, polepole.