Kufundisha haki ya tabianchi kwa kesi ya Lamu

Nikifundisha haki ya tabianchi, yaani nani anaumia na nani anawajibika, kidato cha tatu, majina ya wanaharakati huja mwisho. Ukianza na picha na wasifu, wanafunzi hunakili tuzo na miaka, wanakariri, basi. Heri uanze na jambo lililogombaniwa.

Natumia mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, pwani ya Kenya. NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni 2016, wenyeji wa shirika la Save Lamu wakaipinga, na Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta.

Kipindi cha kwanza, dakika 40, makundi ya watu watano au sita. Kila kundi lina kadi moja: mvuvi, mkulima wa Kwasasi, mwenye nyumba ya wageni mji wa kale, kijana asiye na kazi. Kadi ya kijana mpe msemaji hodari kuliko wote. Mtetezi wa ajira akiwa dhaifu, mjadala unageuka kwaya.

Wape nusu ukurasa wenye ahadi tu, yaani umeme na kazi, watoe maoni kwa dakika 10. Kisha gawa karatasi ya pili: moshi, majivu, maji moto yanayorudishwa baharini. Wengi watadai kubadilisha maoni. Kataa. Hapo ndipo uwasomee uamuzi wa jopo: mikutano na wananchi ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Hutahitaji kueleza sana.

Uamuzi wenyewe ni mrefu na Kiingereza chake ni cha mawakili. Chagua aya mbili au tatu, ziandike kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, nakala moja kwa kila kundi. Bakiza namba za aya ili mbishi akahakiki.

Kipindi cha pili ndipo ninapomtaja Omar Elmawi, wakili aliyeratibu deCOALonize, kampeni ya kupinga makaa ya mawe Kenya, na Makoma Lekalakala wa Earthlife Africa, shirika la Afrika Kusini lililoshinda kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa Thabametsi katika mahakama ya Pretoria, 2017, kwa hoja kwamba athari za tabianchi lazima zipimwe kabla ya kibali. Wanafunzi wanajaza jedwali: nani angeumia, alidai nini, kwa nani, kwa ushahidi gani. Safu ya mwisho ndiyo inayowashinda, wanaandika "waliteseka". Warudishe kwenye karatasi. Mvuvi anayetaja anatega wapi na msimu gani ametoa ushahidi.

Atatokea wa kusema Afrika inachangia takriban asilimia 4 tu ya hewa chafu, basi lawama zote ziende Ulaya. Muulize aliyeshtakiwa Lamu alikuwa nani.

Kazi ya nyumbani ni barua ya pingamizi kwa NEMA, ukurasa mmoja, juu ya mradi wa kubuni. Alama 10: ushahidi 4, walioathirika 3, sheria 2, lugha 1. Barua isiyosema inataka nini hasa, leseni ifutwe au utafiti urudiwe, nairudisha iandikwe upya bila alama.