Siku Niliyoonja Mwaloni Loretto

Kwenda Loretto, kijiji cha Kentucky huko Marekani, tulilipa dola 96. Gari la kurudi halikupatikana kwa bei yoyote, na kama si mtu mmoja wa Uvira, Kongo, sijui usiku ule tungelala wapi.

Nilikuwa nimekwenda Louisville, jimbo la Kentucky, kumwona mdogo wangu ambaye hatukuwa tumetiana machoni kwa miaka 9. Siku 3 za kwanza zilipita kwa usingizi wa ndege, simu za nyumbani na matembezi kando ya mto Ohio. Asubuhi moja tulikwenda kwenye kaburi la Muhammad Ali, nikasimama pale kimya mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Siku ya 4 mdogo wangu akasema, “Dada, wewe mtoto wa Mama huwezi kuondoka Kentucky bila kuona wenzake wanavyopika.”

Mama yetu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kule Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, kwa zaidi ya miaka 30. Ada zetu zote zilitoka kwenye pipa lililokaa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kijiji kinachoishi kwa kupika pombe, hahitaji kunibembeleza.

Asubuhi hiyo giaboksi ya gari lake ikagoma, na basi la abiria la kwenda kule hakuna. Tukaita gari kwa programu ya simu. Mwendo wa saa moja na robo, dola 96! Nilizigeuza kuwa shilingi kichwani nikaumia. Zinapita laki mbili. Kwa fedha hiyo natoka Moshi naenda Dar es Salaam na kurudi, mara mbili, na chenji inabaki.

Ukishapita Bardstown, barabara inapungua upana, inazungukazunguka kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa na vilima vyenye miti iliyogeuka rangi ya kutu. Kisha unaanza kuyaona maghala: majengo marefu yaliyojaa mapipa ya pombe, lakini kutani hakuna tangazo lolote. Nilishangaa kuona miti iliyo karibu nayo ina magome meusi kama imepita kwenye moto. Mdogo wangu akanieleza kuwa ni kuvu inayoishi kwa mvuke wa pombe. Pombe ikikaa pipani miaka, sehemu yake hupotea hewani, na wenyeji huiita mgao wa malaika. Kwetu mgao wa kwanza ni wa wazee waliolala. Mama hakuwahi kumpa mtu kata ya kwanza kabla hajamwaga kidogo chini.

Kiwanda chenyewe ni Maker's Mark, wapikaji wa bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani. Kipo bondeni, majengo meusi yenye vibao vyekundu madirishani. Bill Samuels alikinunua mwaka 1953, na mkewe Margie ndiye aliyebuni chupa na ile nta nyekundu inayotiririka shingoni. Mpaka leo chupa huchovywa kwenye nta kwa mkono. Niliwaona akina mama wakifanya kazi hiyo, wanazungusha kiganja mara moja tu, na hakuna chupa mbili zinazofanana.

Lakini kilichonishika kilikuwa chumba cha kuchachulia. Humo mna mapipa makubwa ya mbao yaliyo wazi juu, mtu mzima anaweza kuzama, na ndani uji wa manjano unachemka wenyewe bila moto. Mahindi asilimia 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14. Niliposikia neno kimea moyo ukaruka. Mama alikuwa anauotesha ulezi, anauanika, anausaga, anaupika uji tunaouita mso, ndipo anauchanganya na maji ya ndizi zilizochachuka. Kimea ndicho kinachougeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka pombe. Yeye hakusoma hilo popote. Aliambiwa na mama yake: bila ulezi ulioota, mbege hailewi na haishibishi. Walituruhusu kuchovya kidole. Nikaonja, nikafumba macho. Uchachu ule ni wa nyuma ya nyumba yetu, siku ya pili, kabla mbege haijakomaa.

Kutoka hapo njia za Mama na za hawa watu zinaachana. Wao huuchemsha uji ule, huupoza mvuke wake, hupata maji makali yasiyo na rangi, kisha huyafungia kwenye pipa. Na pipa hilo sheria imelitaja waziwazi. Ili iitwe bourbon, lazima mahindi yasipungue asilimia 51, na pipa liwe jipya, la mwaloni (mti wa mbao ngumu), lililochomwa ndani. Rangi ya kuongeza hairuhusiwi, kionjo hakiruhusiwi. Rangi yote unayoiona kwenye chupa imetoka kwenye mti, na sehemu kubwa ya utamu pia.

Tulichofuata hasa ni toleo maalumu. Mwaka 2010 kiwanda hiki kilitoa pombe waliyoiita Maker's 46, kwa njia ambayo baadaye wameiendeleza. Bourbon ikishakomaa, wanaitoa pipani, wanafungua kifuniko, wanatia ndani papi 10 za mwaloni, yaani mbao nyembamba, zilizopikwa kwa moto kwa namna waliyoichagua, wanairudisha bourbon na kuifunga tena kwa wiki kadhaa. Kazi hiyo inataka baridi, kwa sababu penye joto mti hutoa uchungu kwa pupa. Mwanzoni walisubiri majira ya baridi tu. Mwaka 2016 wakamaliza kuchimba chumba ndani ya kilima cha mawe ya chokaa, ambako ubaridi haukatiki. Kuanzia 2019 wakawa wanatoa matoleo machache, kila moja na papi zake. La kwanza waliliita RC6. Sisi tulipata kuonja la 2023, liitwalo BEP, kutoka kwenye chupa iliyobaki robo. (Chupa kama hiyo duka moja la mjini Louisville lilikuwa limeiwekea dola 260. Muuzaji alinitajia bei hiyo akiwa ananitazama usoni.)

Walitupangia glasi 4, kila moja na kiasi cha kijiko cha chakula. Ya 4 ndiyo ilikuwa BEP, rangi yake kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikanusa: sukari guru, vanila, mkate unaoanza kuungua ukingoni. Nilipoinywa iliniwasha hadi masikioni. Ukali wake unapita asilimia 55, nami sikuwa nimezoea. Binti aliyetuhudumia akanishauri nitie tone la maji, ningoje. Nikangoja. Mara ya pili moto ulikuwa umetulia, na nyuma ya utamu ukaja uchungu mkavu, unaoshika pembeni mwa ulimi na kukaa.

Uchungu ule ninaujua. Nilikuwa natumwa kuufuata tangu nina miaka 7.

Mlimani mbege haikamiliki bila msesewe. Ni mti mkubwa wa mabondeni, penye maji, na gome lake ni chungu sana. Mama alilikausha, akalitwanga, akalichemsha, akalitia kwa kipimo ambacho hakuwahi kutuambia. Ukitia kidogo, mbege inakuwa uji wa watoto. Ukizidisha, wazee wanatema na kesho hawarudi. Wateja wake walisema Mama ana mkono. Nadhani mkono huo ulikuwa ni kujua lini mti uingie na lini uachwe, na hicho ndicho kilichomfanya fundi wa Loretto ahesabu papi zake 10 na kuzifungia kilimani. Nilikaa na ile glasi muda mrefu kuliko wenzangu wote mezani. Niliwaza Mama alivyouza kazi yake ya siku nane kwa bei ya kata, akiogopa mgambo, akiomba mvua isiharibu ulezi uani. Hakuna aliyewahi kumwandikia toleo lake namba, wala kumuuliza amelipikaje.

Saa kumi na nusu jioni tukatoka kuita gari. Simu ikasema hakuna gari karibu. Tukapanda kilima kutafuta mtandao, tukajaribu tena, hakuna. Saa kumi na moja kasorobo dereva mmoja akakubali. Tukamwona kwenye ramani anasogea, anasogea, kisha akageuka na kukatisha safari, na ile programu ikatukata dola 5 kana kwamba sisi ndio tuliokatisha! Mdogo wangu aliandika malalamiko palepale vidole vikitetemeka. Hakujibiwa. Watalii wenzetu walikuwa na magari yao, wamejaa, wameondoka. Mlinzi alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na lango la kufunga. Jua likazama, baridi ikapanda kutoka kwenye kijito, na mimi nimevaa sweta la Moshi.

Mdogo wangu alipiga simu kwa kila anayemjua. Mwishowe rafiki yake wa kanisani akasema, “Ngojeni, kuna Papa mmoja wa Kongo atakuja.” Papa kwao ni baba. Louisville ina Wakongo wengi, wamefika kama wakimbizi, na ukiwa sokoni unaweza kusikia Kiswahili kabla hujasikia Kiingereza. Tulingoja kando ya barabara kwa muda unaokaribia saa mbili. Gari lilipokuja lilikuwa Toyota kubwa ya familia, viti vya watoto nyuma, kwaya inaimba redioni, na sufuria ya sombe, kisamvu cha Wakongo, imefungwa kitambaa.

“Yaya, poleni na baridi,” akaniambia akinifungulia mlango.

Nilishtuka kidogo, kwa kuwa kwetu yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Mdogo wangu akaninong'oneza kuwa kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa. Alikuwa amenipa heshima, na mimi nilikuwa karibu kuikosa.

Alikuwa wa Uvira. Alikimbia vita, akakaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 17, na huko ndiko watoto wake walikozaliwa. Miaka 17 ndani ya nchi yangu, na Kilimanjaro aliiona kwenye picha na kalenda tu, maana kutoka kambini bila kibali hairuhusiwi. Aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayetaja njia aliyopita. Kambini alikuwa seremala. Nilipomuuliza kazi ya Marekani, akasema, “Batu banajua pombe. Miye najua pipa.”

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mapipa. Nikasogea mbele, nikamwuliza kila kitu, na yeye akawa anajibu huku mkono mmoja ukiuacha usukani kuchora hewani. Mbao zaidi ya 30 kwa pipa moja, hakuna msumari, hakuna gundi, zinakazwa kwa pete za chuma tu. Mbao hupigwa mvuke ili zikubali kupinda. Kabla ya hapo hulazwa nje miezi na miezi, zinyeshewe na zipigwe jua. Kisha pipa hukalishwa juu ya moto, ndani kunashika, na katika muda usiofika dakika moja unatakiwa uwe umeamua. “Mti yenyewe niliisomaga kwenye Biblia,” akasema, “mialoni ya Mamre, kwa Ibrahimu. Sikujua nitaishika kwa mkono.” Na bourbon ikishatoka, pipa haliruhusiwi kupokea bourbon nyingine, huvuka bahari kwenda Scotland na kwingineko kulaza pombe za wenzao. Hilo lilimsikitisha bado. Pipa zima, akasema, linaondoka likiwa zima.

Yeye hanywi. Kanisa lake halinywi, na mkewe pia. Tulikwisha kuvuka Bardstown, gizani, alipopunguza sauti ya kwaya.

“Yaya, sasa ile pombe, utamu wake uko namna gani?”

Nikamwambia polepole, kwa sababu sikutaka kumdanganya mtu ambaye hatakwenda kuhakikisha. Nikamwambia sukari guru inayoanza kushika chini ya sufuria. Vanila. Karanga za kukaanga. Mkate ulioungua kidogo. Halafu uchungu mwishoni, mkavu, usioondoka na maji.

“Huo uchungu ni wa mti wenyewe. Mvua ndiyo inautoa. Mbao zikikaa nje kidogo, unabaki mwingi.” Akanyamaza hadi tukalipita lori. “Na ile sukari iliyoungua, hiyo ni moto.”

“Ni moto,” nikamwambia.

“Basi hiyo ni yangu. Miye niko kwenye moto.”

Nikamweleza habari za msesewe, gome na kinu na kipimo cha Mama. Akaniomba nilitaje jina la mti mara nyingine, akalirudia mdomoni akiangalia barabara, msesewe, msesewe, mpaka taa za Louisville zilipoonekana. Tulipofika alikataa fedha, akasema anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri na anataka kulala. Mdogo wangu aliziacha dola 40 chini ya kitambaa cha sombe.