Siku moja ya kazi: Jumamosi ya Squirrel Hill, saa kwa saa

Posti za "siku moja maishani mwangu" huwa za mtu mmoja. Hii ni ya zamu nzima: wapokea simu, askari wa doria, kikosi maalumu, madaktari na wazikaji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Tarehe ni 27 Oktoba 2018, siku watu 11 walipouawa sinagogini kwa kosa la kuwa Wayahudi. Saa zote ni za kule kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ongeza 7 upate za Nairobi na Dar es Salaam.

Saa 3:45 asubuhi

Jengo lilikuwa kwenye kona ya barabara za Wilkins na Shady, mtaa wa Squirrel Hill. Wengi walilijua kwa jina la Tree of Life, lakini siku ile lilikuwa na jumuiya tatu: Tree of Life wenyewe, New Light na Dor Hadash, kila moja na chumba chake cha ibada. Shika hilo, maana litawasumbua askari baadaye. Lilikuwa jengo la ngazi nyingi, korido, madarasa na stoo. Mgeni alipotea humo hata siku ya amani.

Ibada ya Sabato huanza na watu wachache, wengine hufika polepole. Wanaowahi ni wazee, na ndiyo sababu aliyekuwa mdogo kuliko wote waliouawa alikuwa na miaka 54, na mkubwa 97. Mlangoni hapakuwa na mlinzi mwenye silaha.

Dakika chache kabla ya kuingia, mshambuliaji aliandika kwenye mtandao wa Gab akililaumu shirika la HIAS kwa kuleta wakimbizi Marekani. HIAS ni shirika la Kiyahudi lililoanza kwa kusaidia Wayahudi waliokimbia Ulaya, na leo linahudumia watu wa kila dini. Lina ofisi Nairobi. Katika mwaka wa fedha wa 2018, kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa Marekani lilitoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Kwa hiyo anayedhani chuki ile ilikuwa ugomvi wa Wazungu na Wayahudi peke yao hajaisoma vizuri. Wiki iliyotangulia Dor Hadash walikuwa wameshiriki Sabato maalumu ya kuwakumbuka wakimbizi.

Saa 3:54

Risasi zimeanza, na simu za kwanza zinaingia 911, namba ya dharura ya Marekani. Mpokea simu mzuri huuliza kwa mpangilio: uko wapi, chumba gani, umeona watu wangapi wenye silaha, silaha gani, kuna majeruhi, unaweza kutoka? Mahali huulizwa kwanza kwa sababu simu ikikatika, hilo pekee linatosha kutuma gari. Anayeongea na aliyejificha hakati simu, hata kukiwa kimya. Humwambia azime mlio, anong'one au asiseme kabisa, naye aendelee kusikiliza milio na nyayo. Anachoandika kinatokea papo hapo kwenye skrini ya mwenzake anayewatuma askari kwa redio. Askari waliitwa dakika moja hivi baada ya simu za kwanza.

Mmoja wa waliopiga ni rabi wa Tree of Life, Jeffrey Myers. Kwa desturi rabi hashiki simu siku ya Sabato. Lakini Shirikisho la Wayahudi wa Pittsburgh lilikuwa na mkurugenzi wa usalama, Brad Orsini, aliyewahi kuwa afisa wa FBI, na katika mafunzo yake alisisitiza mambo mawili: simu iwe karibu hata Sabato, na milango ya kutokea isizibwe. Rabi alikubali kubeba simu. Katika sheria ya Kiyahudi kuokoa uhai kunatangua katazo la Sabato, hivyo ubishi wenyewe haukuwa mrefu.

Kule chini, New Light walijificha kwenye stoo yenye giza. Mmoja wao alitoka mapema, akidhani mambo yamekwisha, akapigwa risasi. Kosa hili hurudiwa katika mashambulizi mengi. Ukimya haumaanishi kwamba mtu ameondoka. Huenda anabadilisha kasha la risasi, au bunduki imekwama, au amepanda ghorofa. Kaa hapo hapo mpaka polisi wakufungulie, na ukitoka toka na mikono mitupu iliyo wazi.

Saa 3:59

Askari wa kwanza wanafika. Kituo chao kiko mtaa huo huo, ndiyo maana wakawahi. Wanamkuta mshambuliaji mlangoni, naye anawafyatulia. Askari mmoja anajeruhiwa mkononi.

Tangu mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999, polisi wa Marekani wamefundishwa kwamba askari wa mwanzo hangoji timu, anaingia kuufuata mlio wa bunduki. Hapa haikuwezekana kirahisi: mwenye bunduki ya Colt AR-15 alikuwa kwenye kioo cha mlango, na fulana ya kawaida ya askari wa doria, iliyotengenezwa kuzuia risasi za bastola, haihimili risasi ya bunduki ya namna hiyo. Lakini walipojibu, alirudi ndani. Kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote ya polisi siku ile. Mauaji mengi yalikuwa yamekwisha kufanyika kabla gari la kwanza halijafunga breki. Hakuna doria inayoweza kushindana na dakika tano. Walichofanya ni kumfungia ndani, asiweze kufika kwenye gari lake wala kwenye mlango wa watu wengine. Mtaa ule una masinagogi mengine, na Jumamosi yote yana watu.

Saa 4:00 hadi 4:30

Nusu saa hii ndiyo inayolalamikiwa na watu wasiojua kazi, wakidai polisi walichelewa kuingia. Mambo manne yalifanyika kwa pamoja: kuzunguka jengo pande zote, kuwaambia wakazi wabaki majumbani, kutafuta mtu anayeijua ramani ya ndani, na kuwakusanya askari wa kikosi maalumu. Wengi wa kikosi hicho huwa na zamu nyingine au wako nyumbani. Huitwa kwa simu, na kila mmoja hufika na vifaa vyake garini. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni redio. Wote wanasema kwa wakati mmoja, na taarifa ya "mshambuliaji wa pili" huzaliwa kutokana na mwangwi tu.

Saa 4:30

Kikosi kinaingia, pamoja na madaktari na wahudumu waliofunzwa kutembea nyuma ya bunduki. Miaka ya nyuma gari la wagonjwa lilisubiri mpaka jengo zima litangazwe salama, na watu walikufa kwa kutoka damu wakiwa umbali wa hatua chache. Siku hizi daktari anafuata nyuma ya askari, chumba kilichokaguliwa kikishalindwa.

Mfuko wake si mkubwa: mikanda ya kukaza mkono au mguu, bandeji za kushindilia kidondani, vibandiko vya kuziba tundu la kifua, mkasi. Mkanda hukazwa kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe wala kwenye goti au kiwiko, mpaka damu isimame kabisa. Aliyeukaza nusu nusu amefanya vibaya kuliko asiyeukaza, kwa kuwa damu inaingia mkononi au mguuni na hairudi. Saa ya kuukaza huandikwa juu yake ili hospitali ijue. Waumini wawili waliojeruhiwa walitolewa hai, na waliokuwa stoo wakasindikizwa nje.

Ukaguzi wa chumba hauna haraka. Pembe kwanza, kisha nyuma ya mlango, kisha kabati. Maiti hazisogezwi, zinapitwa. Hilo ni gumu kuliko linavyosomeka.

Karibu saa 5

Ghorofa ya tatu, chumba chenye giza. Mlango unapofunguliwa mshambuliaji anafyatua kwa karibu. Askari mmoja wa kikosi anapigwa risasi mara kadhaa, mwingine mkononi. Wenzao wanajibu huku wakimvuta majeruhi, na tiba inaanza pale pale.

Saa 5:08

Mshambuliaji, naye ana majeraha, anajisalimisha akitambaa. Kuanzia hapo ni mgonjwa aliye chini ya ulinzi. Alikuwa na ile AR-15 na bastola tatu za Glock. Alipelekwa hospitali ya Allegheny General, ambayo rais wake wa wakati ule, Dkt. Jeffrey Cohen, alikuwa muumini wa Tree of Life, na wahudumu Wayahudi walikuwa miongoni mwa waliomtibu.

Mchana

Kazi inahamia kwa FBI. Picha, vipimo, namba kwa kila ganda la risasi, swali moja likiwa risasi ipi ilitoka kwenye bunduki ya nani, kwa kuwa polisi nao walifyatua. Familia zinangoja kwenye kituo cha jamii cha Kiyahudi, kona ya Forbes na Murray. Wanangoja muda mrefu mno, kwa sababu mwili hautolewi kabla ushahidi kuandikwa. Isitoshe, wanaoshika Sabato hawana simu mkononi, hivyo habari inapita mlango kwa mlango.

Wazikaji wa chevra kadisha, chama cha maziko cha Kiyahudi, nao wako tayari. Maiti ya Myahudi haiachwi peke yake, na damu iliyomwagika huzikwa pamoja na mwenyewe. Hilo linagongana na sheria ya eneo la tukio, na msiba wa namna hii huhitaji mtu anayeaminiwa na pande zote mbili. Polisi wanaosubiri kumtafuta siku yenyewe wamechelewa. Rabi apewe namba ya simu ya mkuu wa kituo mapema, na mkuu wa kituo naye amjue rabi kwa sura.

Saa 2:05 usiku

Hakimu wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani anatia saini hati ya mashtaka 29: makosa 11 ya kuzuia watu kuabudu hadi kusababisha kifo, 11 ya kutumia silaha kuua, 4 ya kujeruhi maofisa wa usalama, na 3 ya kufyatua silaha. Barabarani, kwenye kona ile ile ya Forbes na Murray, maelfu walikuwa wamekusanyika jioni ile, mkusanyiko ulioitishwa na wanafunzi wa sekondari.

Jumapili, saa 3 asubuhi

Mchunguzi wa maiti wa kaunti anasoma majina. Maziko ya kwanza ni Jumanne. Mashtaka yaliongezeka hadi 63, na rekodi zile za 911 zilichezwa mahakamani mwaka 2023, pamoja na saa na dakika zake. Tarehe 16 Juni baraza la raia mahakamani (jury) lilimtia mshambuliaji hatiani kwa yote, na tarehe 2 Agosti likaamua adhabu ya kifo.