Siku moja maishani mwangu: bunduki ya dawa iliyopiga pembeni

Saa 11:30 alfajiri

Nimeamka kabla ya jogoo. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibia. Jana jioni, upande wa pili wa kijiji cha Tungamalenga, karibu na Hifadhi ya Ruaha, tulimkuta twiga jike mwenye waya wa mtego mguuni, umezama hadi nyama inaonekana. Alikuwa ametupa mgongo, umbali wa mita 28, upepo hakuna. Daktari akalenga paja, akafyatua. Mshale wa dawa ukapita kulia kwake, ukapotelea kichakani. Twiga akaondoka akichechemea.

Sisi tukabaki kuutafuta ule mshale. Ndani yake kuna etofini, dawa inayomlaza mnyama wa kilo mia kadhaa, na kiasi kidogo sana kikiingia kwenye damu ya mtu kinaweza kumuua. Njia ile hupita watoto wa kuchunga. Tuliupata kwa tochi, saa 1:40 usiku.

Daktari hakusema neno. Ila wiki iliyopita darubini ya bunduki ile niliifungua mimi, nikaisafisha, nikairudishia mimi.

Saa 12:40 asubuhi

Uji wa ulezi, kikombe kimoja. Mzee wetu wa kufuata nyayo amefika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu. Umelala?"

Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akashangaa. "Si inapiga kulia? Zungusha hiyo skrubu ya ubavuni irudi kushoto, twende tukamtafute mnyama. Yule hana siku nyingi."

Ana haki ya kuwa na haraka. Lakini ukizungusha skrubu kabla ya kujua kilichohama, unafunika kosa, na kesho linahama tena ukiwa mbele ya mnyama mwingine. Nikamwomba asubuhi moja tu.

Saa 1:00

Naanza na mishale, siyo darubini. Nimeiviringisha mitatu juu ya kioo cha meza, mmoja mmoja. Mshale uliopinda unaonekana hapo hapo, ncha yake inacheza. Yote imenyooka. Manyoya ya mkiani hayajalowa wala kushikana. Nimeijaza maji badala ya dawa, ili uzito uwe ule ule.

Godoro la sponji kuukuu nimelikunja mara mbili, nikaliegemeza kwenye mbuyu, nikabandika msalaba wa selotepu katikati. Mita 25 kwa futi ya kamba, siyo kwa hatua. Bunduki imelazwa kwenye viroba viwili vya mchanga, kimoja mbele na kimoja chini ya kitako, mkono wangu usiwe na nafasi ya kuharibu chochote. Gesi nimejaza hadi alama ile ile ya geji kila mara.

Mishale mitatu. Yote imeingia sentimita 25 kulia, imekaribiana kiasi kwamba kikombe cha chai kingeifunika.

Hapa palinipa moyo. Presha ikikosewa, mshale hupanda au hushuka. Mishale mibovu hutawanyika. Upepo haukuwepo. Hili lilikuwa kosa moja limerudiwa mara tatu, na la upande mmoja. Maana yake darubini inatazama kwingine na mtutu unatazama kwingine.

Saa 2:15

Kulithibitisha hilo hakuhitaji hata gesi. Nimefungua bunduki kwa nyuma, nikachungulia ndani ya mtutu mtupu, nikasogeza viroba hadi ule msalaba wa selotepu ukakaa katikati ya duara kwa upande wa kulia na kushoto. Juu na chini sikuhesabu, kwa sababu mshale wa dawa huenda polepole na kushuka sana, kwa hiyo mtutu lazima uelekee juu kidogo. Kisha, bila kugusa bunduki, nikatazama kwenye darubini.

Msalaba wa darubini ulikuwa kushoto kabisa, karibu na ukingo wa godoro.

Nikapiga hesabu. Kwenye darubini yetu kila mlio mmoja wa skrubu, "tik", unasogeza pigo milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni chini ya milimita 2. Ningemsikiliza mzee, ningezungusha karibu milio 140. Skrubu ile imewekwa kwa marekebisho madogo. Ikidai milio 140, kuna kitu kimekaa vibaya.

Saa 2:50

Pete mbili zinazoishika darubini zilikuwa zimekaza. Kwenye bomba hakuna mkwaruzo unaong'aa, kwa hiyo darubini haikuteleza ndani ya pete. Nikashuka kwenye vibanio vinavyozishika pete juu ya reli ya bunduki. Cha nyuma kizima. Cha mbele nilipokilegeza, nikapitisha ukucha kwenye mfereji wa reli, kitu kikakwaruza.

Punje ya mchanga. Nyeupe, yenye kona, imegandishwa na grisi kuukuu. Nikaiweka kwenye kiganja, nikaipima na rula: kama milimita 1.

Nikakaa chini kwanza. Kutoka pete moja hadi nyingine ni sentimita 10. Mita 25 ni mara 250 ya hapo. Milimita 1 mbele ya darubini inakuwa milimita 250 kwenye godoro, ndizo sentimita 25 zangu. Nilimwita mzee, nikamwekea ile punje mkononi. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Hiki ndicho kilichomnyima yule mnyama?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba mkono ulioiacha pale ni wangu. Siku ile nilifungia darubini nyuma ya gari, kwenye vumbi. Sitafanya hivyo tena.

Saa 3:30

Mswaki wa zamani na spiriti, reli yote na taya za vibanio. Nimefunga kwa kupokezana, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, nikiangalia pimamaji ndogo ili msalaba usimame wima. Bunduki ikiinama, mshale huangukia upande ilikoinamia, na mshale wa polepole haukusamehe hilo.

Mishale mitatu tena: sentimita 3 kushoto. Sasa ndiyo kazi ya skrubu. Milio 16 kulia. Mitatu mingine ikaingia kwenye selotepu. Nikajaribu mita 20, kisha mita 35, kila umbali na presha yake kama jedwali lililobandikwa kwenye kitako linavyosema.

Halafu nikatoa rangi ya kucha, nyekundu, nikachora mstari mwembamba kutoka kila kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni. Mistari sita. Skrubu ikilegea hata kidogo, mstari unakatika.

Saa 4:40

Bunduki ndani ya begi lake, begi ndani ya gari, kilomita 10 za barabara ya vumbi kwenda na kurudi, pale inapotetemesha hadi meno yanagongana. Tukarudi, nikafyatua bila kurekebisha chochote. Katikati. Upepo ukaanza, tukafunga.

Saa 9:20 alasiri

Redio imeita. Ameonekana kwenye migunga karibu na korongo, peke yake.

Saa 10:05

Mita 30. Daktari ameniangalia, nimeitikia kwa kichwa. Sauti ya bunduki ile ni ndogo, kama chupa ya soda inafunguliwa. Mkia wa mshale, wa rangi ya waridi, umeganda katikati ya paja.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: kamba mbele ya kifua, twiga chini, watu watatu wameikalia shingo, kitambaa machoni, pamba masikioni. Daktari akaingiza naltreksoni, dawa inayoondoa nguvu ya etofini, kwenye mshipa papo hapo, maana twiga hapaswi kubaki na etofini mwilini hata dakika zisizo za lazima. Mzee ndiye aliyeukata waya. Dawa ya kidonda, sindano ya viuavijasumu, tukaachia shingo. Alijaribu mara mbili, ya tatu akasimama.

Saa 2:00 usiku

Nimeandika kwenye daftari la vifaa: tarehe, milio 16 kulia, chanzo. Nimefunua begi chini ya taa. Mistari yote sita imenyooka.